Shimo la Bapa na Shimo la Kina: Fani, Maudhui na Safari ya Gemu Kutoka Vipimo Viwili Hadi Vitatu

Utangulizi

Kila mwaka swali hurudi katika semina zetu: fani na maudhui vinahusianaje? Mwanafunzi wa kwanza husimama na kusema fani ni kikombe na maudhui ni chai iliyomo. Wa pili humkatalia. Anasema hivyo ni pande mbili za sarafu moja. Wa tatu hutaja lahajia ya Kimarx ambayo haelewi vizuri. Muda unakwisha, tunakwenda kula. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa mwanafunzi wa kwanza, halafu wa pili, na nakiri kwamba sikuridhika hata mara moja.

Madhumuni ya makala haya ni kulijibu swali hilo kwa njia ambayo baadhi ya walimu wangu wataiona ya kihuni kidogo: kwa kuangalia historia ya gemu za video. Nazungumzia hasa kipindi cha kati ya 1995 na 2003, ambapo gemu zilizokwisha kujipatia jina zikiwa bapa, yaani zenye kwenda kushoto na kulia, juu na chini tu, zilihamishiwa katika ulimwengu wenye kina. Naomba nieleweke. Sisemi kwamba gemu ni riwaya, wala sitaki zifundishwe badala ya Shaaban Robert. Ninachosema ni kwamba hapa tunalo jaribio ambalo fasihi haijapata kutupa kwa uwazi kiasi hicho: kisa kile kile, mhusika yule yule, jina lile lile, lakini kikombe kimebadilishwa. Je, chai ilibaki chai?

Kibanda cha Kahama

Nimekulia Kahama, mkoani Shinyanga, kwenye njia ya magari yanayokwenda Kakola na Geita. Mji wetu ni mji wa mpunga na dhahabu. Bulyanhulu ilianza uzalishaji mkubwa mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009, na kati ya migodi hiyo mikubwa kuna mamia ya maduara ya wachimbaji wadogo. Penye fedha ya dhahabu hapakosi kibanda cha gemu. Chetu kilikuwa cha mabati, kina benchi mbili na televisheni mbili. Ya kwanza ilifungwa kwenye mojawapo ya zile mashine za bei nafuu zinazoiga Famicom ya Nintendo, zenye kanda iliyoandikwa kwamba ina gemu elfu tisa mia tisa tisini na tisa, kumbe ukihesabu hazifiki mia, zinajirudia tu. Ya pili ilikuwa na PlayStation 2.

Jambo hili lina uzito kwa mwanahistoria. Huko Japani na Marekani watu waliona gemu zikibadilika kwa zamu: Famicom ilitoka mwaka 1983, PlayStation ya kwanza mwaka 1994, Nintendo 64 mwaka 1996, PlayStation 2 mwaka 2000. Sisi historia haikutujia kwa foleni. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo ya zamani na mpya vilitufikia pamoja, vikakaa ukuta mmoja. Hatukujua kwamba moja ilikuwa "imepitwa na wakati". Tulichojua ni kwamba moja ilikuwa ya bei ndogo.

Kwenye ile mashine ya bei ndogo mimi nilipenda gemu moja tu: Lode Runner. Ilitengenezwa na Mmarekani Douglas Smith, aliyekuwa mwanafunzi wa usanifu majengo, ikatolewa mwaka 1983. Mwaka uliofuata kampuni ya Hudson ikaihamishia kwenye Famicom. Jina lenyewe linatokana na neno la wachimbaji, lenye maana ya mshipa wa madini ndani ya mwamba. Kanuni zake ni chache. Unakusanya dhahabu yote. Huwezi kuruka. Unaweza kuchimba tofali lililo upande wa kushoto au wa kulia wa miguu yako, adui akaanguka humo. Baada ya muda mfupi tofali linarudi, shimo linajifukia. Likijifukia ukiwa ndani, umekwisha.

Siku moja mama alimtuma mjomba aje kuniondoa kibandani. Mjomba alikuwa amefika kutoka Nyarugusu, wilaya ya Geita, alikokuwa na hisa kwenye duara. Badala ya kunivuta sikio akasimama nyuma ya benchi akatazama.

"Mjomba, sasa hilo shimo linajifukia lenyewe?"

"Ndiyo, mjomba. Ukichelewa linakuzika."

"Hapo wamesema kweli," akajibu.

Kisha akageukia televisheni ya pili, ambako jamaa mmoja alikuwa akicheza Grand Theft Auto. Steringi alikuwa anakimbia kwenye uchochoro, mara mchezaji akazungusha kamera kuona nani yuko nyuma. Mjomba akauliza huyo anajuaje kilichoko mgongoni kwake. Nikamweleza kwamba anageuza kamera kwa kijiti kile cha kwenye pedi. Akacheka. "Basi huyo ana bahati. Sisi kule chini hatugeuzi."

Nimeyafikiri maneno hayo mawili kwa miaka mingi kuliko nilivyofikiri kitabu chochote cha nadharia. Shimo la bapa lilimwambia kweli moja na shimo la kina likamwambia nyingine. Kweli hizo mbili hazikuwa sawa.

Kilichotokea kwa waliohama

Sasa tuangalie historia yenyewe. Mhusika wa gemu bapa ni picha iliyochorwa nukta kwa nukta, inayosogezwa juu ya picha nyingine. Mhusika wa gemu yenye kina huundwa kwa poligoni, yaani vipande vyenye pembe, aghalabu pembetatu, vilivyoungwa pamoja mpaka vikafanya uso, mkono na ukuta. Mashine hupiga hesabu kila nukta ya sekunde ili kujua vipande hivyo vingeonekanaje kutoka mahali fulani. Angalia basi: hata kina chenyewe kimejengwa kwa vipande bapa, kikaonyeshwa kwenye kioo bapa. Ni makubaliano tu kati ya msanii na mtazamaji, kama vile tunavyokubaliana jukwaani kwamba kiti kimoja ni ikulu.

Katikati ya miaka ya 1990 kila kampuni ilitaka kuhamia huko, na wengi waliumia. Contra, ambayo watoto wa vibandani waliijua kwa kukimbia na kupiga risasi tangu 1987, ilipewa toleo la vipimo vitatu mwaka 1996, Legacy of War, likaja na miwani ya kadibodi. Lilishindwa vibaya. Bubsy 3D ya mwaka huo huo imebaki kuwa mfano wa kuchekwa. Sonic, mwenye kasi kama kishada, alitengenezewa gemu ya kina kwa ajili ya Sega Saturn. Kazi ikawashinda wenyewe, wakaiacha. Hadi Sonic Adventure inatoka mwisho wa 1998, Sega walikuwa wamekwisha kuhamia mashine nyingine. Prince of Persia 3D ya 1999 nayo haikumpa mwana wa mfalme heshima aliyokuwa nayo tangu 1989.

Kosa lao lilikuwa nini? Hoja yangu ni kwamba walikuwa wafuasi wa kikombe na chai. Walidhani kwamba maudhui yapo yamekaa tu, na kwamba kuhama ni kuyamimina. Walichukua kuruka kule kule, maadui wale wale, kasi ile ile, wakaongeza kina. Lakini kuruka kwenye gemu bapa ni tendo lenye uhakika: unaona ukingo, unaona pengo, unapima kwa jicho. Ongeza kina, na jicho halipimi tena. Pengo lile lile limekuwa fumbo jingine.

Sasa mwangalie Mario. Super Mario Bros. ya 1985 ilikuwa safari ya kwenda kulia huku saa ikihesabu kurudi nyuma, na kuguswa mara moja na adui kulitosha kumuua aliye mdogo. Shigeru Miyamoto na wenzake walipotengeneza Super Mario 64, iliyotoka Japani Juni 1996, waliiondoa ile saa. Wakampa Mario uhai wenye vipande vinane, ili kukosea kidogo kusiwe kifo. Wakaondoa mstari wa kwenda kulia wakaweka kasri na viwanja 15 ambamo unarudi tena na tena kutafuta nyota. Wakachora kivuli cheusi chini ya miguu yake, ili arukapo ujue atatua wapi. Hata pedi wakaibuni upya, ikawa na kijiti cha kumfanya atembee polepole au akimbie kadiri kidole kinavyosukuma. Kwa ufupi, karibu kila kanuni ilibadilishwa ili kitu kimoja kibaki: raha ya kuruka.

Huo ndio ugunduzi wenyewe. Waliofaulu hawakujiuliza "Tutayachoraje yale ya zamani?" Walijiuliza "Mtu alikuwa anafanya nini, na akifanya hivyo alijisikiaje?" Kisha wakavunja kila kitu kingine. Metroid ilipofika mwaka 2002 kama Metroid Prime, na kutazamwa kutoka ndani ya kofia ya Samus mwenyewe, wapenzi wengi walikuwa wametabiri msiba. Walikosea, kwa sababu kiini cha Metroid hakikuwa kukimbia pembeni mwa kioo; kilikuwa upweke na kupotea mahali pageni. Ndani ya kofia ile upweke ulizidi.

Nani ameshika kamera?

Mhakiki wa fasihi ana neno la kusema hapa ambalo wahandisi walilifikia kwa jasho. Katika Lode Runner mchezaji huona dhahabu, ngazi na maadui wote karibu kwa mtupo mmoja wa jicho. Yeye ni yule tunayemwita msimulizi maizi, ajuaye yote. Mhusika hajui, wewe unajua. Utamu wote wa fumbo unatoka hapo: unapanga njia kabla hujaanza. Katika gemu yenye kina umaizi huo hufa. Lazima mtu ashike kamera, na ashikaye kamera huchagua nini usione.

Super Mario 64 ililitatua jambo hili kwa namna ambayo ingemfurahisha mwalimu yeyote wa nadharia ya usimulizi. Kamera ilikabidhiwa kwa mhusika: Lakitu, yule mpanda wingu aliyekuwa adui katika gemu za zamani, sasa ni mpiga picha anayemfuata Mario, na ukipita mbele ya kioo kasrini unamwona amening'inia nyuma yako. Msimulizi amepewa jina na mwili! Zelda ya 1998, Ocarina of Time, ikaongeza kitufe cha kumkazia adui macho, kamera ikatulia kwenye mstari kati ya wawili hao, kama mtambaji anayesema: sasa sahau mengine, tazama hawa.

Mwana wa mfalme naye alifufuka hapo hapo. The Sands of Time ya 2003 ilimfanya yeye mwenyewe awe msimulizi wa kisa chake. Ukianguka ukafa, sauti yake inakataa: mambo hayakwenda hivyo, na kisa kinaendelea kutoka nyuma kidogo. Kufa, ambako kwenye gemu ni ajali ya kanuni, kumegeuzwa kuwa kosa la kusimulia. Kwa sisi tuliolelewa na Alfu Lela Ulela, ambamo kusimulia ndiko kunakochelewesha kifo, hilo si geni hata kidogo.

Waliokataa, na waliopita katikati

Tusije tukadhani kwamba kina ni maendeleo na bapa ni ushamba. Historia inakataa. Mwaka 1997 Symphony of the Night ya ukoo wa Castlevania ilitoka ikiwa bapa kwenye PlayStation, wakati kila mtu anakimbilia poligoni. Miaka miwili baadaye Castlevania ya vipimo vitatu ikatoka kwenye Nintendo 64. Leo inayosomwa, kunakiliwa na kuheshimiwa zaidi ni ile bapa. Sonic naye alirudi ubapani mwaka 2017 katika Sonic Mania, watu wakashangilia.

Wapo pia waliopita katikati. Street Fighter IV ya 2008 ina miili yenye kina, lakini wapiganaji wanasogea kwenye mstari ule ule wa 1991, kwa sababu umbali kati ya ngumi na uso ndio gemu yenyewe. Mortal Kombat, iliyokuwa imehamia kwenye kina tangu toleo la nne la 1997, ilirudi kwenye mstari mwaka 2011 bila kuacha poligoni zake.

Na Lode Runner yangu? Ilipata toleo la kutazamwa kwa mshazari mwaka 1998, kisha Lode Runner 3-D kwenye Nintendo 64 mwaka 1999, dunia ya vitalu vilivyopangwa hewani. Hazikuacha alama kama ile ya 1983. Sasa nadhani naelewa kwa nini. Kiini cha Lode Runner ni kupanga, na kupanga kunahitaji kuona. Ukiongeza kina unaficha, na ukificha umempokonya mchezaji kalamu. Shimo lile lilikuwa la bapa kwa sababu ya msingi, si kwa umaskini wa mashine tu.

Nyumbani kwetu

Wapo watakaouliza: haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ugomvi uliozuka ulikuwa huu huu. Wanamapokeo walisema ukiondoa vina na mizani hakuna shairi. Wanamabadiliko wakasema ushairi si hesabu ya silabi. Tukisoma ugomvi ule leo kwa jicho la Mario, tunaona kwamba pande zote mbili ziliuliza swali la kikombe: kipi kiondolewe, kipi kibaki? Swali lenye faida lilikuwa: kina cha mwisho kilikuwa kinamfanyia msikilizaji nini, na katika shairi lisiloimbwa kitu gani kitaifanya kazi hiyo? Anayeondoa vina bila kujibu ametengeneza Bubsy. Anayevishikilia bila kujibu amekataa hata kuona kivuli kinachoweza kumsaidia kutua.

Mfikirieni pia Aniceti Kitereza, jirani yake Kezilahabi kutoka Ukerewe. Aliandika kisa cha Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Kikachapishwa kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, mwaka 1980. Hakubadilisha umbo ili lifanane na riwaya za mjini. Aliacha mazungumzo marefu, salamu, mapishi, dawa. Wapo wanaosema kitabu kinachosha. Mimi nasema alijua kiini chake ni nini: si mkasa, ni namna ya kuishi. Huyo alivuka lugha akafika na mzigo wake.

Masimulizi mawili ya mjomba

Nimefikia sehemu ambayo ni ngumu kuiandika. Miaka michache baada ya ile siku ya kibandani, duara la mjomba lilishuka wakati wa mvua. Mjomba alitoka. Mwenzake wa siku zote hakutoka.

Nilimsikia akikisimulia kisa hicho mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa msibani, mbele ya wazee. Alisimulia kwa juu: tulikuwa saba, watatu kushoto, wanne kulia, matimba ya upande huu yalikuwa mabovu, maji yaliingilia pale, fulani alikuwa hapa. Alichora hata kwa kijiti kwenye mchanga. Wazee wakaelewa, wakauliza maswali, wakaamua nani apewe nini. Ilikuwa hadithi bapa, na ilifanya kazi ambayo hadithi bapa inaweza: iligawa haki.

Mara ya pili ilikuwa usiku, sisi wawili, umeme umekatika. Hakutaja idadi. Alisema tochi ilizimika. Alisema alisikia mchanga ukishuka nyuma yake kama mahindi yanayomwagwa kwenye gunia, na akaita, na akajibiwa mara moja. "Mara moja tu, mjomba." Hakuweza kugeuka kwa sababu njia ilikuwa nyembamba.

Niambieni sasa, nyie wa kikombe na chai: hiyo ilikuwa hadithi moja au mbili? Ajali ni ile ile. Mimi nasema zilikuwa mbili, na kwamba marehemu alizihitaji zote. Ile ya kwanza pekee ingemfanya awe alama kwenye mchanga. Ile ya pili pekee isingempatia mjane wake chochote.

Ndiyo maana nina wasiwasi na jambo moja. Wasukuma wote tunajua habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na mifugo yao wote, na Masala Kulangwa, kijana aliyelipasua tumbo wakatoka. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangarata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwenzao wa sita alifia humo. Wengi kwetu walilitaja zimwi lile. Siku hizi vijana wa Afrika Mashariki wanatengeneza gemu zao. Wakenya walikwisha kutoa Nairobi X, yenye vipimo vitatu, mwaka 2015. Si muda mrefu mtu atamchukua Masala Kulangwa. Nina hofu kwamba atamtengenezea misuli ya poligoni, atampa panga, atamweka mbele ya zimwi kubwa, basi. Huko ni kumimina chai. Asiyejiuliza kamera ikae wapi hatajua kwamba sehemu kubwa ya watu wa ngano hii wako tumboni, gizani, wanasubiri, hawawezi kugeuka.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba fani si chombo na maudhui si kimiminika. Fani ni mahali unaposimama kutazama. Ukihama, unachokiona kinabadilika, na mengine hayaonekani tena. Kuhamisha kazi ya sanaa kutoka umbo moja hadi jingine ni kuamua kipi kisipotee, kisha kuwa tayari kuvunja vingine vyote kwa ajili yake. Na mara nyingine uamuzi wa busara ni kutohama.

Mjomba bado yuko Nyarugusu. Haingii tena chini. Anafanya kazi kwenye karasha, juu, kwenye jua. Likizo iliyopita nilimpa simu yangu yenye Lode Runner. Alicheza kidogo, shimo likajifukia akiwa ndani, akanirudishia. "Hii inakuonyesha kila kitu," akasema, "na bado unakufa."

Wenzangu wa semina, uwanja ni wenu.